Kilichopaa ni Bei

Radomir alilitundika ukutani kama picha ya mtakatifu:
bamba la chuma, bawa jeusi, uzi mwekundu pembeni,
na kikaratasi kimegeuzwa kinyumenyume
ili uulize bei kabla hujaiona.
Niliuliza. Zloti elfu tatu na mia nne.
Bawa la mzamiaji haliruki.
Kilichopaa pale ni bei.

Mimi miaka kumi na tisa naunga matumbo ya meli
hapa Gdynia. Nikigonga bati kwa ukucha
najua unene wake. Lile: milimita tatu,
chuma kisichoshika kutu, mikunjo miwili, matundu.
Kilo mbili na robo tatu, nikakadiria kwa mkono.
Iliyobaki ni jina lililochongwa kwa leza.

“Hapa unanunua usalama, Bi Bogna.”
Neno hilo lina ndoana. Nani ataipunguzia bei roho yake?
Nikamuuliza: usalama uko wapi, kwenye uzi mwekundu?
Akacheka, akanimiminia chai.
Si mtu mbaya. Ana pango la kulipa.

Basi sikia, Dobrawa mdogo wangu,
maana zamu yako yaja, na mfuko wako ni wa mwanafunzi.
Bamba halina siri. Kingo zisikwaruze,
matundu ya kati yaachane sentimita ishirini na nane,
upime, usikisie.
Liwe zito: kwenye Baltiki tunavaa suti nene,
na kila kilo iliyo mgongoni
ni kilo ya risasi usiyoifunga kiunoni.
Mkanda uwe mmoja, mrefu, mabegani hadi kiunoni,
bizimu moja tu.
Vile vishikizo vya plastiki vinavyolia ta!
vidole vikishikwa na ganzi, ndipo vitakuonyesha.

Bawa ndilo la kutilia shaka.
Watakuuzia la mitungi miwili, wewe mwenye mmoja,
nalo litaukunja mtungi wako
kama jani la kabichi linavyokunja nyama.
Linalokuinua wewe na mtungi uliojaa, latosha.
Anayekuambia ongeza, muulize anaongeza nini.

Langu nililipata Sopot, kwa Bibi Halszka,
mwalimu mstaafu wa kemia;
sikio lake la kushoto limemkataza kina.
Tulilijaza hewa, tukalizamisha kwenye beseni la kuogea,
tukachuchumaa wawili kama wanaomwogesha mtoto,
tukisubiri povu.
Halikutoka.
Nikalilaza kwake limejaa. Asubuhi lilikuwa gumu vilevile.
Alipolitikisa, kitu kikacheza ndani kama mchele.
“Chumvi ya Bornholm. Wiki ya mwisho, mimi na Zenek.
Imimine kwenye kikombe kabla hujasuuza.
Hiyo siuzi.”

Akataka mia mbili.
Mia mbili, kwa bawa lisilovuja!
Huo ni wizi, na mwizi ningekuwa mimi.
Tukabishana mlangoni kinyumenyume,
yeye akishusha, mimi nikipandisha,
mpaka mia tano, na chupa ya jamu ya plamu
aliyonisukumia mkobani ili ashinde kidogo.

Bamba nilikata mwenyewe, kwenye kipande kilichobaki kazini.
Nimekilipia kwa kilo, risiti ninayo.
Mkunjo mmoja umekwenda kombo.
Mita kumi na nane chini, juu ya meli ya makaa,
maji digrii nne, nililala bapa kama rula,
na kombo langu halikuniuliza kitu.

Jumamosi nilipeleka mtungi kujazwa.
Radomir akaligeuza bamba, akapitisha kidole
palepale penye kosa, akanyamaza.
Kisha, akitazama mlango:
“Waweza kunikatia matatu?”

Nikafungua kinywa nitaje bei.
Kichwani mwangu, polepole,
kikaratasi kikageuka kinyumenyume.